Siku Mashine Yangu Ilipompeleka Kila Mtu Bengamisa

Aibu hii nimeifunika miaka mingi, lakini nyinyi ni watu wangu na mtacheka hata nikinyamaza, bon, acha niiseme mwenyewe.

Ilikuwa wakati wa vita, baada ya mabomu kuanguka Kisangani na watu kukimbia kila upande, wengine porini, wengine ng'ambo ya mto, familia zikapotezana. Paroisse yetu, yaani parokia, ilikuwa na kompyuta moja na jenereta la kuiwashia, na padri wetu, l'abbé Faustin, akapata wazo: majina ya watu walioonekana huko njiani, na mahali walipoonekana, yaingizwe ndani, halafu anayemtafuta ndugu yake aandike jina na mashine imwambie aliko. Bosco, rafiki yangu aliyeisomea kazi hiyo kwelikweli, alitengeneza sehemu ya nyuma, ile inayochambua majina. Mimi nikapewa ya mbele tu: ukurasa wenye kisanduku cha kuandikia jina, kitufe cha TAFUTA, na jibu. (Nilikuwa nimesoma informatique wiki chache, nusu yake umeme haukuwepo, lakini nilitembea mjini kama vile kompyuta niliivumbua mimi.)

Ukurasa ulifanya kazi vizuri, na hapo ndipo ningepaswa kuuacha. Lakini Jumapili ya kuufungua, asubuhi, Bosco hajafika, nikaona jibu la ukurasa ni kavu mno, nikaongeza mistari miwili ili mtu akipatikana iandike "Habari njema!" kwa herufi nyekundu, nikaijaribu kwa jina la kwanza kwenye orodha tu, la mtu aliyekuwa Bengamisa, mji mdogo nje ya Kisangani, ikajibu Bengamisa, nikaridhika, nikaenda kubadilisha shati.

Baada ya misa salle, ukumbi wa paroisse, ilijaa. Wa kwanza alikuwa Mama Régine, wa familia za wavuvi wa pale Wagenia, anamtafuta bwana yake, Papa Lisungi. Nikaandika, nikabonyeza. Habari njema! Lisungi iko Bengamisa, muzima. Mama alipiga kelele, akanishika kichwa akanibusu mbele ya l'abbé, akatoka mbio. Watu wakapiga vigelegele, nami nikainama kidogo kama mwanamuziki.

Wa pili alimtafuta dada yake. Bengamisa. Wa tatu, baba mkwe wake. Bengamisa.

"Mungu alikusanya watu yake pahali moja," l'abbé akasema, machozi yakimlengalenga, nami (Mungu anisamehe) nikaitikia amina.

Papa Kambale, mfanyabiashara wa kutoka Kivu anayeuza sabuni na chumvi kwa jumla, alikuwa amekaa nyuma. Akasogea.

"Placide, andika jina yangu."

"Lakini papa, weye haukupotea."

"Andika tu."

Habari njema! Kambale iko Bengamisa, muzima.

"Alors," akasema polepole, "huyu mwenye kusimama hapa ni nani?"

Salle nzima ikacheka mpaka viti vikalia. Kisha kicheko kikakatika ghafla, maana wote tulimkumbuka Mama Régine kwa wakati mmoja, na njia ya Bengamisa siku zile ilikuwa na vizuizi vya askari.

Nilikimbia. Nilimkuta kwa watu wa toleka, zile baiskeli zinazobeba abiria, ameshakaa nyuma, kikapu cha chakula magotini.

"Mama, shuka. Nilikosea."

"Ulikosea nini? Jina?"

"Yote. Masini haijui Papa Lisungi iko wapi. Hata miye sijui."

Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Akashuka, akanipa kikapu nibebe, tukarudi kwa miguu, watu wakituangalia.

Bosco alipofika alilionyesha kosa kwa kidole: penye alama mbili za sawasawa (==) nilikuwa nimeweka moja. Mbili zinauliza kama huyu wa kwenye orodha ndiye anayetafutwa; moja inaamuru awe yeye. Kwa hiyo mashine ilikuwa haitafuti tena, ilimgeuza kila mtu kuwa yule wa kwanza. L'abbé akanisimamisha mbele niwaeleze wote, nikaeleza, jasho likishuka ndani ya lile shati, kisha tukatafuta upya. Lisungi hakuonekana. Mama Régine akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Merci ya kusema," akaenda.

Niliapa palepale: ukurasa unaofanya kazi siugusi tena watu wakiwa mlangoni, na sitajaribu tena kitu kwa jina moja nikakiita kizima.

Papa Lisungi alirudi mwenyewe, miezi mingi baadaye, kwa mtumbwi kutoka upande wa Opala, amekonda, bila msaada wa mashine yoyote. Mama Régine akamleta moja kwa moja mpaka kwenye kompyuta, akamsimamisha mbele yangu.

"Muangalie muzuri," akaniambia. "Sasa andika iko wapi."

Nikaandika: Wagenia, kwake.

"Soma."

Nikasoma.

"Soma tena," akasema, na mkono wa bwana yake hakuuachia.