Binti Yangu Anaishi Makongeni

Nyumba yangu iko mtaa wa Mowlem, ghorofa nne, na kila jiwe lake nalijua. Shule niliacha darasa la tano. Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi, nilianza kwa kuosha matumbo, kazi ambayo wenzangu waliikimbia kwa sababu harufu yake inakufuata mpaka kanisani. Leo lori likifika na mbuzi kutoka kaskazini, wachinjaji wanangoja kwanza nichague wangu. Hakuna mtu aliyeniandikia barua ya kunipeleka popote. Nayasema haya mapema ili anayesoma amjue mtu aliyepigiwa simu siku ile. Asipomjua, hataelewa kwa nini nilijibu nilivyojibu.

Binti yangu ni kifungua mimba. Alifika mbali kwa masomo, akapata stashahada ya ufundi wa mitambo, halafu akakaa nyumbani miaka mitatu akituma maombi ya kazi. Nilimwambia aje tufanye biashara pamoja. Alikataa kwa adabu. Alitaka treni. Siku moja nilimuuliza treni ina nini hasa.

"Baba, ile kitu ni nzito hivyo, na inatii mtu mmoja," akaniambia.

Tangazo la watu wa kufunzwa udereva wa treni lilipotoka, alilisoma kwa simu akiwa amesimama mlangoni, viatu mkononi. Walitaka cheti, alikuwa nacho. Walitaka mtu asiyezidi miaka ishirini na minane, naye alikuwa amebakisha miezi michache tu. Na walitaka mtu anayeishi karibu na stesheni, anayeweza kufika kwa nusu saa akiitwa alfajiri, mvua inyeshe ama barabara ifungwe. Kutoka Mowlem, hiyo nusu saa unaweza kuimaliza kabla hujavuka barabara ya Outering.

Jioni ile akaja kwangu.

"Baba, nimepata chumba Makongeni."

"Chumba cha nini?"

"Cha kuishi. Kazi inataka niwe karibu."

"Na mimi nina vyumba vingapi hapa?"

"Vingi, baba. Lakini haviko Makongeni."

Mama yake alicheka huko jikoni. Mimi sikucheka.

Akahama na godoro, meko ya gesi na sufuria mbili. Ni zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli, kuta nene, bomba moja nje watu wakipanga ndoo. Wako vijana waliokuwa wakiazima anwani ya binamu, wanaiandika kwa fomu halafu wanarudi kulala kwao Kayole. Yeye hakutaka hivyo. Alilala pale, akanunua mboga pale, akamzoea mzee wa nyumba kumi mpaka mzee mwenyewe akampeleka kwa chifu kuandikiwa barua kwamba ni mkazi. Alikuwa akitembea kutoka mlangoni hadi stesheni huku anaangalia saa. Dakika ishirini na sita akienda polepole, aliniambia, na nikaona fahari usoni mwake. Nilipaswa kuifurahia. Niliona tu choo cha nje.

Kiamaiko ni sokoni, na sokoni habari hazifichiki. Asubuhi moja mwenzangu wa miaka mingi, mtu tuliyeosha matumbo pamoja, akanianza mbele ya watu.

"Tajiri wa Mowlem, tunasikia mtoto amepanga Makongeni."

"Nani amekuambia?"

"Amekosa nafasi kwako ama ulimwongezea kodi?"

"Huyu hata mtoto wake anatoroka landilodi," akasema mwingine huku ananoa kisu.

Wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini ilinichoma. Nikawaambia binti yangu yuko kwangu, huko Makongeni anaenda kumtembelea rafiki. Ni uongo mdogo, nikadhani, wa kupitisha asubuhi. Lakini ukishausema pale lazima uulinde, kwa sababu watu wale mnaonana kila siku. Siku zilizofuata walipouliza niliwajibu vivyo hivyo, na kila mara ulikuwa rahisi zaidi.

Wakati huo binti yangu alikuwa anafaulu. Walimpima macho na masikio, wakamkalisha mbele ya mashine yenye taa za kuwaka na kuzima ili waone mkono wake una haraka kiasi gani. Akapita zote. Ikabaki jambo moja, kuhakikisha makao. Kwenye fomu, mahali pa mtu wa karibu wa kupigiwa, alikuwa ameandika namba yangu.

Alinipigia siku moja kabla.

"Baba, kesho watakutafuta. Wanataka tu kujua ninaishi wapi."

"Sawa."

"Utawaambia Makongeni."

"Unanifundisha kuongea?"

"Hapana, baba. Nakukumbusha tu."

Kesho yake saa nne soko lilikuwa limejaa. Simu ikalia, namba nisiyoijua, na mtu mwenye sauti ya ofisi akasema anapiga kwa niaba ya reli. Nikamwambia angoje kidogo. Hapo nikafanya jambo ambalo nimelifikiria siku nyingi tangu hapo. Nilibonyeza sauti ya nje na kuiinua simu, ili wote wasikie ni nani ananitafuta. Visu vikanyamaza. Yule mwenzangu akasogea karibu.

"Wewe ni baba mzazi wa mwombaji?"

"Ni mimi mwenyewe. Nimemlea na nimemsomesha kwa hii mikono."

"Hongera, mzee. Tunahakikisha tu makao yake. Kwa sasa anaishi wapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa neno moja, tena lilikuwa kweli. Hakuna mtu aliyekuwa ananiomba nidanganye ili mtoto wangu apate kazi. Ukweli peke yake ulitosha. Nikawaangalia wale watu waliokuwa wananiangalia.

"Anaishi kwangu," nikasema. "Mowlem. Nina ghorofa nne. Mtoto wangu hawezi kupanga nyumba nikiwa hai."



"Mowlem, mzee? Una uhakika?"

Alinipa nafasi, yule mtu. Hakuwa na haja ya kuuliza mara ya pili.

"Nyumba nimejenga mimi, nitakosaje uhakika?"

Akanishukuru na kukata. Mwenzangu akanipiga bega, akasema, "Buda, hapo umewapa." Nikarudi kwa mbuzi wangu. Nikajiambia ni kitu kidogo, wana barua ya chifu na fomu. Nani atashughulika na maneno ya mchinja mbuzi? Mtu anayejisifu mchana kutwa kama mimi, siku hiyo ndiyo niliamua kwamba neno langu halina uzito.

Majina yalipotoka lake halikuwamo. Alienda ofisini kuuliza, na kutoka huko akaja moja kwa moja Kiamaiko. Alikuwa amevaa shati jeupe, akasimama kando ya damu na kungoja nimalizane na mteja. Aliwasalimu wote mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, kama alivyofunzwa. Halafu akanigeukia.

"Baba, uliwaambia naishi wapi?"

Ningeweza kumvuta pembeni. Watu walikuwa pale pale.

"Niliwaambia unaishi kwa baba yako."

Hakulia wala hakuinua sauti. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa bei na kuona haiwezi. Akasema, "Haya, baba. Kazi njema," akaenda.  Mwenzangu alichukua ndoo na kwenda kuteka maji ambayo hatukuyahitaji.

Asubuhi iliyofuata nilivaa suti ya harusi za watu, nikachukua bahasha yenye hati ya ploti yangu, nikaenda ile ofisi. Hati ya nini, nimejiuliza baadaye. Nilizoea kuwa mahali popote, nikionyesha nilichojenga, mlango unafunguka. Nilipokelewa na msichana mdogo, umri wa binti yangu, akanipa kiti.

"Nilikosea," nikamwambia. Sijui kama nilikuwa nimewahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu. "Anaishi Makongeni. Nendeni muone godoro lake."

"Mzee, fomu ilisema Makongeni, baba akasema Mowlem. Tulikuuliza mara mbili."

"Nilisema uongo."

"Wazazi wengi huja kutuambia hivyo majina yakishatoka." Alisema bila ubaya. "Tulikuamini, mzee. Hiyo ndiyo shida."

Nikauliza kuhusu mwaka ujao. Akafungua faili, akasoma tarehe ya kuzaliwa, akalifunga. Kufikia mwaka ujao angekuwa amepita ile miaka ishirini na minane. Nilikuwepo siku ile akizaliwa.

Mama yake hakunigombeza. Aliniuliza tu swali moja, wakati anakunja nguo: "Wale watu wa sokoni, kuna hata mmoja anayekula kwako?"

Binti yangu hajarudi Mowlem. Nilimtengea chumba cha juu, chenye dirisha linalotazama Dandora, nikakipaka rangi. Alishukuru. Anauza vipuri vya magari kwenye duka moja la Jogoo Road, na anaishi pale pale Makongeni, karibu na stesheni, ingawa hakuna mtu atakayemwita alfajiri.

Jumapili iliyopita nilienda kumwona. Nilibeba nyama ya mbuzi, paja zima, kwa sababu sijui kwenda kwa mtu na kitu kingine. Alinipa kiti, yeye akakaa kitandani. Chai ilikuwa na tangawizi. Treni ikapita nyuma ya nyumba, vikombe vikatetemeka mezani, na nikaona alivyoacha kuongea, akageuza uso kidogo na kusikiliza mpaka behewa la mwisho.

"Huyu amefunga breki mapema," akasema. Hakuwa ananiambia mimi.

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimepanga kueleza jinsi tulivyokua, watu walivyotucheka, jinsi mtu aliyetoka chini hawezi kuvumilia kuonekana ameshuka tena. Mbele ya kile kikombe yote yaliniishia.

"Ni mimi," nikasema.

"Najua, baba."

Akasimama, akaninyang'anya kikombe taratibu na kuniongezea chai. Niliinywa yote ingawa ilikuwa moto mno, kwa sababu nikimaliza ningelazimika kuondoka.