Kibuyu cha Donatusi

Apolonia Nabuai wa Siwai alikuwa mkulima wa majimbi, mkali wa ulimi hata kwa padri. Vita vya kisiwa cha Bougainville vilimwachia vitu viwili: kibuyu cha chokaa ya kutafunia tambuu cha kaka yake Donatusi, na mwanawe Linus, kiongozi wa kikosi cha waasi, aliyelala amekumbatia bunduki. Donatusi aliuawa na Kepas wa ng'ambo ya mto, aliyepigana upande wa serikali, na mwili haukuonekana. Kwetu mjomba ndiye mlezi. Linus akaapa kwamba bunduki haitoki mkononi mwake mpaka mjomba arudi nyumbani.

Mkataba wa amani ulikuwa umeshatiwa saini, na kontena la kufungia silaha lilishawekwa karibu na kanisa. Vijana thelathini walikuwa wakimtazama Linus: akiweka, wanaweka. Apolonia alijua fika kwamba bunduki ile ikibaki, atamzika mwanawe pia. Akavuka mto mara nne kuzungumza na wanawake wenzake, hadi Kepas mwenyewe akakubali kuja.

Alikuja na watu wake Jumamosi asubuhi, na nguruwe wawili wa fidia, na mifupa ya Donatusi ndani ya mkeka mpya. Apolonia alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha Kepas akamnyooshea popoo na tambuu, watafune pamoja kuwa alama ya amani.

"Na chokaa?" Apolonia akauliza.

"Hatukubeba, dada. Tulijua mtaogopa kwamba tumeitia sumu."

Linus akaruka. "Umeona, Mama? Popoo bila chokaa! Wamekuja kupatana hawa, au kutudharau?"

Vijana wakaanza kuguna. Wawili walishainuka na bunduki zao.

"Kaeni chini! Miaka yote hiyo msituni, hata adabu mmeiacha huko?" Apolonia akawafokea.

Akatoa kibuyu mkobani. "Hiki ni cha Donatusi. Tutatumia chokaa yake."

Kepas akakitazama, jasho likamtoka. Sasa mwenye kuogopa sumu alikuwa yeye.

Apolonia akacheka, mara ya kwanza siku ile. "Unaogopa, ee? Ningetaka kukuua, bwana wee, ningekuja na panga mchana kweupe. Mimi na kujificha wapi na wapi!"

Akapokea popoo mkononi mwa Kepas, akaling'ata, akachovya tambuu katika kibuyu, akatafuna na kutema mate mekundu. Akampa kibuyu. Kepas akafumba macho, akachovya, akatafuna. Walipotazamana, midomo yao wote wawili ilikuwa myekundu, na Kepas alikuwa analia.

Linus akamwendea Kepas, akafungua kiganja. "Nipe na mimi."

Alitafuna njia nzima hadi kwenye kontena, na vijana wake nyuma yake. Aliporudi hakujua mikono aiweke wapi. Mama yake akamwonyesha mkeka.

"Shika upande ule," akasema. "Tumpeleke mjomba wako nyumbani."