Kisirani Aenda Kusomea Tabasamu

Wifi yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Kisirani. Sitaki kumsingizia, jina amelitolea jasho. Ukimletea kitambaa, kabla hujakaa ameshakuuliza nani alikudanganya kwamba rangi hiyo inakufaa. Ukirudi kuchukua gauni, atakugombeza kwa kunenepa bila taarifa. Lakini gauni utalikuta tayari siku ile ile aliyosema, na litakukaa mpaka uone haya kujitazama. Mimi nashinda naye dukani nashona vifungo, kwa hiyo maneno yake yote nimeyasikia, na mengine nimeyapokea mwenyewe.

Shida yake ilikuwa moja tu, overloki, ile mashine ya kufunga kingo za nguo zisifumuke. Hakuwa nayo. Kila nguo aliibeba mpaka kwa fundi wa barabara ya pili, mzee mwenye roho ya kwa nini, aliyemhudumia wa mwisho makusudi. Basi yalipotangazwa mafunzo ya ujasiriamali kwa vijana wenye biashara ndogo, na kwamba watakaofaulu watapewa mashine, wifi alikuwa wa kwanza kujiandikisha.

Wiki sita alisoma. Mwalimu alikuwa kijana mtanashati, mpole, ambaye nina hakika hajawahi kuuza hata kiberiti. Kupanga bei, kutangaza bidhaa, yote hayo wifi aliyameza. Kilichomkwama kooni ni somo la mteja ni mfalme. Mteja apokelewe kwa tabasamu, asikatizwe, asitajiwe unene. Na mwisho wa mafunzo mwalimu angepita kila duka ajionee mwenyewe, ndipo aamue nani apewe mashine.

Wifi akafanya mazoezi mbele ya kioo, mpaka kaka yake, yaani mume wangu, akamuuliza kama jino linamuuma. Jumatatu akaanza dukani. Mteja wa kwanza alikuwa mama muuza mboga, kafuata sketi yake. Wifi akalainisha sauti.

"Karibu, mpendwa. Keti upumzike, sketi inakuja, wala usiwe na wasiwasi."

Mama wa watu akashtuka. Nani asiyewajua mafundi? Fundi akikuita mpendwa, kitambaa chako kimeungua pasi. Akikuambia usiwe na wasiwasi, hajakata hata mkono mmoja. Muuza mboga akaigeuza ile sketi ndani nje akitafuta tundu, akalikosa, ndipo akaogopa zaidi. Kufika mchana habari zilikuwa zimezagaa kwamba Kisirani kaharibu nguo za watu, ndiyo maana kawa mpole.

Jumatano, siku ya mwalimu, watu tisa walijazana mlangoni wakidai vitambaa vyao, vimekatwa au havijakatwa. Mwalimu amesimama pembeni na fomu yake. Wifi anatabasamu mpaka mashavu yanamtetemeka, na kadiri anavyowaita wapendwa ndivyo wanavyozidi kusukumana. Roho iliniuma, jamani. Niliiona ile mashine ikienda zake. Mara muuza mboga akanyoosha mkono na kuvuta hariri yake ya gauni, iliyokuwa bado chini ya sindano.

"Wewe mama, mikono ina udongo wa karoti unashika hariri? Nilisema Ijumaa, ni Ijumaa. Kaeni chini wote, na aliyenenepa aseme sasa hivi nimpime upya."

Muuza mboga akashusha pumzi, akairudisha hariri taratibu. "Kumbe ni mzima," akawaambia wenzake. Wote wakakaa. Wawili wakanyoosha mikono wapimwe upya.

Wifi akageuka, akamwona mwalimu, na machozi yakamlengalenga. Mwalimu aliandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akavua koti lake, lililofumuka kwapani, akaliweka mezani. Wifi akaona bado kuna tundu la kutokea, akavuta tabasamu lake la mwisho.

"Usijali, mwalimu mpendwa. Litatoka zuri tu."

Mwalimu akalinyakua koti na kulikumbatia kifuani.

"Fundi," akasema, "tafadhali, nigombeze kama wenzangu."

Wifi akamtazama kwanza, asije akawa anategwa. Halafu akaanza na mabega, kwamba aliyeyashona alistahili kushona magunia. Akashuka kwenye mifuko, anayoijaza kana kwamba anahama nyumba. Alikuwa hajafika kwenye kola, mwalimu alipoweka sahihi kwenye fomu kwamba apewe mashine.