Siku Nilipoisimamisha Ramani ya Wema

Nilipoanza kazi Garsen, ofisi yetu ya kilimo ilikuwa na watu wawili na kompyuta moja kuukuu. Mwenzangu, mama kutoka kijiji cha Kulesa aliyenizidi miaka ishirini, ndiye aliyeandika barua zote. Mimi niliyetoka chuoni juzi nilikuwa nimeiondolea mashine ile mapambo yote ili iwe nyepesi, ikabaki skrini nyeusi ya kuandikia amri. Mama wa watu akalazimika kuandika barua humo humo. Alijifunza kwa siku mbili, akanung'unika kwa miezi.

Asubuhi moja, saa mbili, niliiagiza mashine iunganishe picha za mashamba ya kijiji cha Wema, zilizopigwa kutoka angani baada ya mafuriko, ziwe ramani moja. Ilikuwa kazi ya saa nne, na kwa muda huo skrini yote hushikwa. Saa tatu mwenzangu akaja na barua yake, akaniomba nimpishe.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kazi yangu ningeisukuma nyuma iendelee taratibu huku yeye akiandika mbele. Nikabonyeza vitufe vya Kontrol na Z kwa pamoja. Mashine ikaandika mstari mmoja ambao sikuusoma, skrini ikawa huru. Nilijisikia bingwa. Nikampigia simu mwenyekiti wa wakulima wa Wema, nikamwambia waje saa nane waione ramani. Kisha nikaenda kunywa chai.

Saa sita mwenzangu aliniuliza mbona feni ya kompyuta, iliyokuwa ikivuma kama pampu ya maji, imenyamaza. Nikamjibu kwamba mashine imeshaizoea kazi.

"Haya, mtaalamu," akasema, akaendelea na barua.

Saa nane wakulima watano wakashuka kwenye pikipiki, wakajipanga kwenye benchi. Nikakaa kwenye kompyuta, nikaandika amri ya "jobs" ili nione kazi yangu imefika wapi. Jibu likaja: kazi namba moja, imesimama. Kumbe Kontrol na Z haisukumi kazi nyuma, inaisimamisha tu pale ilipo. Baada ya hapo nilitakiwa kuandika "bg", ndipo iendelee kwa nyuma. Nikaiandika sasa, masikio yakiwaka moto. Feni ikaanza kuvuma.

"Sasa inafanya kazi," mwenzangu akasema bila kuinua macho kwenye barua aliyokwisha kuichapisha.

Ilibidi niwaambie wageni ukweli, na kwamba ramani ilibakiza saa tatu. Mwenyekiti alisikiliza kwa adabu zote.

"Kwa hivyo tangu saa tatu ilikuwa imepumzika?"

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe?"

Mwenzangu akamjibu kwa niaba yangu kwamba nilikuwa nikinywa chai. Wakacheka mpaka benchi likatikisika, kisha wakaenda sokoni. Mimi sikuondoka. Kila baada ya dakika chache niliandika "jobs", nikahakikisha kazi inakwenda kweli.

Saa kumi na moja ramani ilikamilika, nikaichapisha. Wakulima wakarudi, wakaitandaza mezani, kila mmoja akatafuta shamba lake kwa kidole. Mto ulikuwa umekata kona mpya, na migomba ya mwenyekiti sasa ilikuwa ng'ambo. Akaniuliza kama kuna amri ya kuurudisha mto. Nikamwambia hiyo hatukufundishwa. Akaikunja ramani, akaitia mfukoni, akasema kesho ataazima mtumbwi akaitazame migomba yake.