Majalada Niliyombandikia Mama

Harufu ya bizari ikikutana na wino wa gazeti, mimi hurudi Kilwa Masoko hata kama nimesimama jikoni kwangu. Wengine hukumbushwa utoto na udi au mkate wa kumimina. Mimi nipe karatasi ya kung'aa iliyokaa karibu na bizari, basi. Msinicheke, niwahadithie.

Barazani kwa Mzee Hasanali, mwenye duka la mtaani kwetu, palikuwa na kamba mbili, na kwenye kamba hizo alining'iniza majarida kwa vibanio vya nguo. Wazee wake walitoka Bara Hindi, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha Kilwa kuliko changu. Majarida yale aliyapanga kama mtu anayetia chambo. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, mbele yalikaa ya dini, yenye kuba na maandishi ya kijani. Jioni, vijana wakipita, walikutana na wachezaji mpira waliotokwa na mishipa ya shingo. Asubuhi, kina mama wakija kununua sukari, aliyewapokea ni bibi harusi. "Kizuri chajiuza," alikuwa akiniambia, "lakini kwanza kionekane. Macho hayana pazia, mwanangu."

Yaliyokosa mnunuzi aliyachana ya kufungia bizari. Majalada hayakufaa kwa kazi hiyo, yalikuwa magumu mno kukunjika, kwa hiyo alitugawia watoto.

Nilikuwa na miaka minane mama alipotoka hospitali. Alikwenda na tumbo, akarudi bila tumbo na bila mtoto; mdogo wangu alizaliwa amekufa. Majirani walikuja kutoa pole, na wote walimwambia yale yale: "Usilie. Huyo ni wa peponi, atakupokea mlangoni. Ukimlilia unamsumbua." Bibi, aliyemzaa mama, ndiye aliyekazania zaidi. Mama hakulia. Alilala, akageukia ukuta, akaacha kula. Baba alirudi kutoka shamba la ufuta Kiranjeranje, akasimama mlangoni, akamwita, asiitikiwe, akatoka kwenda kukaa uani. Bibi alipika uji ukapoa, akapika mwingine nao ukapoa. Siku moja nilimsikia akimnong'oneza jirani, "Na huyu naye anatuondokea."

Watu wazima hudhani mtoto akicheza hasikii. Nilisikia. Tangu hapo nilikuwa nikiingia chumbani kila mara kutazama kama kanga aliyojifunika mama inapanda na kushuka.

Ndipo akili yangu ya kitoto iliponiambia: ikiwa Mzee Hasanali anawageuza shingo watu wanaojiendea zao, nami nitashindwaje kumgeuza mama? Nikakoroga uji wa muhogo, maana ndiyo iliyokuwa gundi yetu, nikabandika ukutani, mbele kabisa ya uso wake, bibi harusi mwenye hina hadi viwikoni. Mama alipenda harusi. Vigelegele havikupigwa mtaani yeye asiwepo. Macho yake yalimpita yule bibi harusi yakaenda zake. Kesho yake nikabandika sinia la pilau lenye nyama ya kutosha mtaa mzima. Akafumba macho. Nikajaribu mwanamke aliyekuwa akicheka huku akitazama pembeni, nikagundua kwamba anayetazama pembeni hamsimamishi mtu. Sharti akutazame machoni. Utaalamu niliupata, lakini mama alizidi kukonda.

Nikaenda dukani, nikaamkia shikamoo, nikamweleza Mzee Hasanali yote.

"Unambandikia unachokipenda wewe," alisema. "Kila jalada lina mwenyewe. Mama yako anatamani nini?"

Nilitazama kambani. Palikuwa na jarida jipya la malezi, na juu yake kitoto kinene kisicho na jino, kimekutumbulia macho, kimenyoosha mikono kama kinachotaka kubebwa. Nikakionyesha kwa kidole.

"Hilo hapana."

Sijui alikataa kwa kuwa lilikuwa jipya au kwa kuwa alikwisha kuona mbele. Nilishika meza ya duka kwa mikono yote miwili, nikaangua kilio. "Mama anakufa, babu. Anakufa!" Kisha akatoa kibanio, akalichana lile jalada polepole lisipasuke, akanipa bila kunitazama usoni.

Bibi alikuwa kisimani. Nikabandika, nikarudi nyuma hatua chache, nikangoja. Mama akafumbua macho. Yakasimama pale. Akainua mkono, mwembamba hata bangili ikamteremkia kiwikoni, akagusa shavu la karatasi. Halafu akapiga ukelele: "Bakari! Bakari wangu!"

Bibi aliingia mbio, ndoo ameiacha imepinduka uani. "Umefanya nini wewe mtoto? Unataka kumuua mama yako?" Akaanza kuibandua picha, mama akaing'ang'ania, wakawa wanavutana huku mama akilia kwa mwili mzima. Nilijibanza nyuma ya mlango. Nyumbani kwetu hapakuwa na Bakari. Nikajua mama amerukwa na akili, na ni mimi niliyemmaliza.

Mara bibi akaiachia ile karatasi. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akajifunika uso kwa kanga. Nilidhani atasema tena usilie. Badala yake akaita, taratibu, kama mtu anayeita watoto waje kula: "Salima. Hamisi." Naye akaanza kulia. Walilia pamoja hadi adhana ya alasiri, na hakuna aliyekumbuka kunichapa.

Siku ya pili mama alikunywa uji, nusu kikombe.

Sasa kazi yangu ni kupanga majalada ya jarida dogo, na najua kwamba jalada humshika mtu kwa kumwonyesha anachokikosa. Kwa miaka mingi nilijigamba kimoyomoyo kwamba nilimponya mama kwa kuchagua vizuri. Nilipokwisha kuolewa ndipo mama aliponieleza. Bakari ni jina alilompa mdogo wangu kimoyomoyo, bila kumwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Kumkosa mtoto kulimuumiza, lakini kilichokuwa kikimuua ni kukatazwa kumlilia. Salima na Hamisi walikuwa watoto wa bibi, waliokufa wachanga kabla mama hajazaliwa, naye aliambiwa asiwalilie, akatii. Mama alikuwa mtu mzima mwenye mtoto wa miaka minane, na majina ya ndugu zake aliyasikia siku ile kwa mara ya kwanza.