Nilimkatia bibi miguu ya kiti chake, kumbe kilikuwa sawa

Wakuu, za jioni. Kisa hiki kimenitokea mwenyewe, na bibi yangu ameniruhusu nikisimulie kwa sharti moja: nisijitetee.

Mie najifunza kuandika riwaya. Nalitaja mapema ili mkiona nakiremba kiti kwa maneno, mjue ugonjwa umeanzia wapi.

Kiti chenyewe babu alikitengeneza Temeke, zama za Mwingereza, mwaka aliomuoa bibi. Alikuwa seremala kwenye karakana ya serikali.

Mbao ni mninga. Mkono mmoja ni mpana, wa kuwekea glasi. Mgongoni kumetobolewa matundu ya nyota, yaleyale yaliyo juu ya mlango wa nyumba yao, ili hewa ipite. Ukikiona mbele ya ule mlango, unadhani nyumba imezaa.

Kasoro moja tu. Miguu ya mbele ilikuwa mirefu kuliko ya nyuma, kama vidole viwili hivi.

Bibi alipovunjika nyonga tulimhamishia Goba kwa shangazi, na kiti tukakibeba. Kwenye vigae vya shangazi kilimlaza chali kila aliyekikalia, kama mtu anayenyolewa ndevu. Wageni walicheka sana.

Bibi mwenyewe hakukigusa. Alisema tu, "Nitakikalia kwangu." Miezi yote ile hakuwa na ombi jingine.

Daktari alipomruhusu kurudi Temeke, nikaona nimfanyie sapraizi. Nikakipeleka kwa fundi mmoja wa Keko, Athumani. Alikizunguka mara mbili.

"Braza, una uhakika? Aliyefanya kazi hii si mtu wa kukosea vidole viwili."

"Wazee walipimaga kwa macho, fundi. Kata."

Akakata. Kiti kikasimama wima kama karani.

Ijumaa tukafika Temeke. Nikakiweka barazani, mgongo ukutani, mahali pake pa siku zote. Bibi akakaa.

Kiti kikainama mbele, naye akaanza kuteleza kuelekea barabarani. Nikamdaka mabegani.

Jirani wa mkabala, Mama Zuhura, akapaza sauti: "Bi Mwanaisha, unakwenda wapi na hata hatujasalimiana?"

Nilicheka. Bibi hakucheka. Akaigusa miguu ya mbele kwa mkongojo wake.

"Mume wangu," akaniambia, maana sie ni watani na ndivyo anavyoniitaga, "umemkata mwenzio miguu?"

"Kilikuwa kimekaa upande, bibi."

"Kilikwambia kinaumwa?"

Ndipo akanieleza. Baraza lile lina mteremko. Babu alilijenga hivyo makusudi, maji ya mvua yasisimame mlangoni.

Kule karakana alitengeneza viti vya ofisi, vyote sura moja, na alikuwa akisema kiti cha serikali hakijui kitakwenda kukaa nyumba gani, kwa hiyo hakina kwao. Hiki alitaka kiwe na kwao.

Alikileta barazani kabla hakijakamilika. Akaweka glasi ya maji kwenye mkono wake mpana, akamwambia bi harusi atazame maji hayo. Yeye akawa anaranda miguu kidogo kidogo, mchana kutwa, majirani wakimtania kwamba anatengeneza kiti cha mlimani. Mpaka bibi akasema, "Yametulia."

Hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia mumewe bila kuona haya.

Nami nilikuwa nimelipitisha kwenye msumeno wa umeme.

Siku ile bibi alikaa kwenye kiti cha plastiki, akautazama ukuta. Wakuu, heri angenitukana.

Usiku nilimpigia Athumani simu, na kesho yake alikuja mwenyewe. Vile vipande vilivyokatwa vilishapikiwa chai karakanani kwake, kwa hiyo alibeba vipande vya mpingo. Alipofika akapiga goti, akalaza kiganja sakafuni.

"Kipimo kilikuwa hapa chini, braza."

Akaunga miguu, mweusi kwa mwekundu. Bibi akadai glasi ya maji, akaiweka kwenye mkono wa kiti, akaikazia macho. Athumani akaranda mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Mama Zuhura alishahamia barazani kwetu, anatoa maelekezo kama refa.

"Bado," bibi akasema.

Fundi akaranda.

"Bado."

Akaranda tena. Bibi akaweka mkono wake juu ya glasi bila kuigusa.

"Yametulia," akasema. Kwa sauti ndogo, wakuu, ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Akakaa. Akayanywa yale maji yote. Kisha akaiangalia miguu ya mpingo, akacheka hadi mkongojo ukaanguka.

"Babu yako hakupendaga viatu. Leo kavaa."

Nilichoondoka nacho ni hiki: nikiona kitu kimekaa upande, nauliza kwanza kilitengenezwa kisimame wapi. Nimeanza kuwauliza hivyo hata watu.

Haya, zamu yenu. Kwenu mlirekebisha nini ambacho kilikuwa sawa? Msijitetee. Majibu yote nitamsomea bibi, barazani, akiwa kitini kwake.