Nilipompokonya Mama Mkwe Mwiko

Mwanangu, asubuhi ile ya baridi kwetu Laela sijaisahau, wala aibu yake. Miaka hiyo serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, kila mwenye miguu anakimbilia Tunduma kufuata mitumba. Mama mkwe wangu, Skolastika, kiharusi kilikuwa kimempoozesha mkono wa kulia. Gari la hospitali ya mjini Sumbawanga likamleta binti mmoja, Odilia, kazi yake tiba kwa vitendo. Neno hilo hatukulijua, sisi tulingoja sindano. Yeye akamketisha mgonjwa jikoni, akamshikisha mwiko asonge ugali wa ulezi.

Kwetu, mkwe anayekaa huku mama mkwe akisonga husemwa hadi kisimani. Nikaupokonya ule mwiko.

“Dada, umesomea uganga au upishi?” nikamuuliza.

Jirani yetu, Mama Fidelis, akacheka mpaka akashika mbavu. Odilia alinieleza taratibu nimwachie mama kazi ndogo ndogo ili mkono uzoee tena, akaaga. Mlangoni alisema hata ndugu zake hawajui anafanya nini. Mwezi ukiisha ataacha, naye aende Tunduma.

Basi nikamlisha mama, nikamfunga kanga, nikamchana nywele. Nilijiona mkwe mwema. Vidole vyake vikazidi kujikunja. Siku moja akakataa tonge. Ulimi ulikuwa mzito, lakini nilimsikia.

“Veronika, unanizika kwa upole. Kamwite yule binti.”

Nikapanda lori la mahindi hadi Sumbawanga, nikamkuta Odilia anafungasha. Nilimwomba radhi, akarudi nami. Safari hii nilikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, nikimtazama mama akihangaika. Kukaa ni kazi, mwanangu, usione hivi. Baada ya mavuno mama akasonga ugali umejaa mabuje ya unga, tukaula wote, na Mama Fidelis akaomba tena. Odilia alikula machozi yakimtoka, akasema Tunduma ingoje.

Mcheza kwao hutunzwa, nasi tulikaribia kumpoteza Odilia kwa kutojua. Ukiona kazi usiyoielewa, uliza kabla hujacheka. Ikikufaa, itaje kwa jina lake kanisani, sokoni, hata ndani ya basi, wenye wagonjwa majumbani wasikie. Mshahara humlisha mtu. Kujua kwamba kazi yake imeonekana humwamsha asubuhi. Na umpendaye akiugua, mwachie anachoweza.

Mungu akupe mikono yenye nguvu, mwanangu, na moyo wa kuituliza inapobidi.